Meza ya Mombasa: nani anaamua barabara gani itengenezwe kwanza?

Balo la chaguwa linalofunguliwa asubuhi kwenye soko la Butembo limeshuka melini Mombasa, likapita Nairobi, Malaba, Kampala na Kasese, likasimama Mpondwe, kisha likaingia Kongo kwa mlango wa Kasindi. Mafuta ya gari, vipuri vya pikipiki, ngano ya mkate, vyote hufuata njia hiyohiyo. Kwenye makaratasi ya serikali njia hiyo inaitwa Ukanda wa Kaskazini. Wengine husema ushoroba. Ina chombo chake kinachoisimamia, chenye makao Mombasa, na Kongo ni mwanachama tangu zamani za Zaire. Wananchi wengi wa Beni, Lubero na Rutshuru hawajawahi kukisikia, ijapokuwa sehemu ya bei wanayolipa sokoni inatokana na mambo yanayojadiliwa pale.

Barabara ikiharibika, lawama huenda kwanza kwa gavana, kisha kwa Office des Routes, kisha kwa wale wanaokusanya pesa kwenye bariera. Hao wote wana sehemu yao. Lakini swali la wasikilizaji, kwamba kwa nini barabara hii imepata lami na ile nyingine imebaki matope, lina historia ndefu kuliko mamlaka ya gavana yeyote.

Historia hiyo inaanza na reli. Mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa, na mwaka 1901 ikafika Kisumu, kando ya ziwa Victoria. Kampala ilifikiwa mwaka 1931, na Kasese mwaka 1956. Kasese ni karibu sana na mpaka wa Kongo, hata mtu angedhani reli ilikuwa inakuja kwetu. Hapana. Ilikuwa inafuata shaba ya Kilembe. Shaba ilipofikiwa, reli ikasimama hapo. Wabelgiji nao walikuwa na hesabu zao: bandari yao ni Matadi, na kwa upande wa mashariki walipata mwaka 1921 kwa makubaliano na Waingereza sehemu zao za kupakia mizigo Kigoma na Dar es Salaam, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Kila mkoloni alichora njia ya kutoa mali, si ya kuunganisha miji ya watu. Kivu na Ituri zikabaki katikati, mbali na bandari zote.

Baada ya uhuru, Kenya, Uganda na Tanzania ziliendelea kwa muda kuwa na reli moja na bandari chini ya uongozi wa pamoja. Mpango huo ulivunjika pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977. Tayari mwaka mmoja kabla, mgogoro kati ya Kenya na serikali ya Idi Amin ulikuwa umeonyesha jambo la kutisha: nchi moja ikikasirikia jirani yake, mizigo ya nchi zilizo nyuma ya huyo jirani inakwama pia. Kisha vita vya 1978 na 1979 vikapita Uganda. Rwanda na Burundi, ambazo hazina bahari, zilijikuta zinateseka kwa ugomvi usio wao. Gari la mizigo linaweza kuwa na makaratasi yote na bado lisipite, kwa sababu wakubwa wawili hawasemeshani.

Hapo ndipo wazo la kukaa meza moja lilipata nguvu. Mwaka 1985, Burundi, Kenya, Rwanda na Uganda zilitia sahihi mkataba wa upitishaji wa mizigo katika Ukanda wa Kaskazini. Mkataba ulianza kutumika mwaka uliofuata. Zaire iliingia mwaka 1987, na mwaka 1988 sekretarieti ikafungua ofisi Mombasa.

Kuingia kwa Zaire kunastahili maelezo kidogo. Zaire haikuwa nchi isiyo na bahari; ilikuwa na Matadi na Boma. Lakini kutoka Matadi hadi Beni ni safari ya reli, mto na barabara mbovu, na katika miaka ya 1980 barabara zilizoachwa na wakoloni zilikuwa zinamezwa na msitu. Kahawa ya Butembo ilikuwa inapita Uganda na Kenya kufika melini. Kwa hiyo Kinshasa, yenye bandari yake, ilikaa pamoja na nchi zinazoomba njia, kwa niaba ya mashariki yake. Kwa maneno mengine, serikali ilikubali kwa sahihi yake kwamba mlango wa Kivu uko Mombasa.

Sasa, meza yenyewe inafanya kazi namna gani? Juu kabisa kuna Baraza la Mawaziri wanaoshughulikia uchukuzi katika nchi wanachama. Hao ndio wenye neno la mwisho. Chini yao kuna Kamati Tendaji ya makatibu wakuu wa wizara, na hapa mtu asidanganywe na cheo: mawaziri hubadilika kila serikali mpya, lakini makatibu wakuu ndio wanaokumbuka kilichosemwa miaka mitatu iliyopita. Kuna kamati za wataalamu, za miundombinu, za duane na mambo mengine, pamoja na jukwaa la sekta binafsi ambamo wenye magari, wenye mizigo na mawakala wa duane wanaleta malalamiko yao. Sekretarieti ya Mombasa inaandaa makaratasi, inafuatilia, inakumbusha. Uenyekiti unapita kutoka nchi moja hadi nyingine, na maamuzi yanachukuliwa kwa kukubaliana.

Kukubaliana ni jambo zuri na zito kwa wakati mmoja. Nchi ndogo haiwezi kumezwa na kubwa. Lakini nchi moja tu isiyotaka inatosha kuchelewesha jambo miaka. Na likishapitishwa, bado kila nchi inarudi nyumbani kulitekeleza kwa sheria zake na kwa pesa zake. Sekretarieti haina katapila hata moja. Haiwezi kumwaga kifusi kwenye shimo la Mbau wala kuvunja bariera ya mtu.

Pesa za kuendesha chombo hicho zilitoka mwanzoni kwa sehemu kubwa kwa wafadhili. Baadaye nchi zilikubaliana kukata tozo ndogo kwa kila tani ya mzigo wa kupita unaoingia kwa Mombasa. Ni njia ya busara, maana chombo kinachongoja michango ya serikali kinaweza kufa kwa njaa. Ila tozo hiyo, hata ikiwa ndogo, inaingia ndani ya bei ya mzigo. Mama anayenunua unga wa ngano Oicha anachangia meza ya Mombasa bila kujua. Kwa hiyo ana haki ya kuuliza inafanya nini.

Kazi yake kubwa ni kupima, na kupanga kutokana na vipimo. Kila nchi inaleta miradi yake: daraja, kipande cha barabara, kituo cha mpaka, sehemu ya madereva kupumzika. Haiwezekani yote iwe ya kwanza. Zamani, mwenye kusema kwa sauti ndiye aliyesikilizwa. Kutoka mwaka 2012 sekretarieti imekuwa na kituo cha uangalizi wa uchukuzi kinachokusanya takwimu: siku ngapi mzigo unakaa bandarini, saa ngapi gari linasimama mpakani, mara ngapi linapimwa uzito, ada gani dereva analipa njiani. Habari zinatoka kwenye mitambo ya duane, kwenye vifaa vya kufuatilia magari kwa satelaiti, na kwa madereva wenyewe wanaoulizwa. Mwaka 2014 bandari ya Mombasa na idara zinazohusika na ukanda zilitia sahihi hati ya ahadi, kila mmoja akisema atapunguza kiasi gani. Idara inayochelewesha inaonekana kwa namba, mbele ya wenzake. Serikali hazipendi aibu, na mara nyingine aibu hufanya kazi kuliko sheria.

Lakini kuna upungufu ambao watu wa Kivu wanapaswa kuuelewa. Vipimo vya namna hiyo vinahesabu magari yanayopita. Barabara ambayo magari yameikimbia kwa sababu ya bunduki haionekani kuwa na msongamano. Inaonekana kuwa haina kazi. Mizani inayopimwa na wingi wa mizigo huelemea upande ambao tayari una mizigo: Mombasa, Nairobi, Malaba, Kampala. Kijiji ambacho watu wake wako kambini hakitoi hata gari moja la kuhesabiwa. Hakuna aliyekusudia ubaya. Ni hesabu tu, lakini matokeo yake kwa aliyehama ni yaleyale.

Jambo lingine lililobadilisha mawazo lilitokea Januari 2008. Baada ya uchaguzi wa Kenya, fujo zilifunga barabara, na huko Nairobi reli iling'olewa. Kwa siku chache mafuta yalipanda bei vibaya sana Uganda, Rwanda, Burundi na hapa mashariki mwa Kongo. Watu waliokuwa wanasema njia moja inatosha wakanyamaza. Ukanda wa Kati, wa Dar es Salaam, ulikuwa umepata chombo chake mwaka 2006, na Kongo ni mwanachama huko pia. Mizigo ya Kivu ya Kusini na Tanganyika huupenda kwa sababu ya Kigoma na ziwa. Mkataba wa Ukanda wa Kaskazini nao ulikuwa umeandikwa upya mwaka 2007, ukaanza kutumika mwaka 2012, mwaka ambao Sudan Kusini iliingia. Mkataba mpya una itifaki 11, na umeongeza mabomba ya mafuta na njia za maji juu ya barabara na reli.

Hata hivyo, miradi mikubwa kabisa haikungoja meza ile. Mwaka 2013 marais wa Kenya, Uganda na Rwanda walianza vikao vyao wenyewe juu ya miradi ya ukanda. Kongo haikuwa kati ya walioanza. Reli mpya ya Kenya kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 2017, kwa mkopo wa China, kisha ikaishia karibu na Naivasha mwaka 2019. Marais wakikaa, mawaziri husubiri. Na aliye na mkopo ndiye anayeanza kuchimba.

Ndivyo ilivyokuwa kwa barabara zetu pia. Mwaka 2021 Kongo na Uganda zilikubaliana zenyewe, nchi mbili tu, kutengeneza kilometa 223 ndani ya Kongo: 80 kutoka Kasindi hadi Beni, 54 kutoka Beni hadi Butembo, na 89 kutoka Bunagana hadi Goma kupitia Rutshuru. Juni mwaka huo marais Tshisekedi na Museveni walizindua mradi mpakani Mpondwe. Vipande hivyo ni vya njia ileile ambayo meza ya Mombasa imeizungumzia tangu 1987. Miaka 34 ya vikao haikuvipatia lami. Makubaliano ya nchi mbili, yenye pesa na jeshi nyuma yake, ndiyo yaliyoleta mashine. Mtu anaweza kusema vikao vilikuwa bure. Si kweli kabisa, maana bila kanuni za pamoja gari la Kongo lingekuwa linafunguliwa na kupekuliwa katika kila nchi. Lakini kanuni na lami ni vitu viwili.

Ndani ya nchi, matengenezo yanangoja FONER, mfuko wa taifa uliowekwa na sheria ya Julai 2008, unaopata pesa zake kwenye mafuta na kwenye peaje. Hapo tena kuna kupanga: jimbo gani, kipande gani, kwanza. Kila dereva wa Kasindi anayelipa peaje na kisha kukwama kwenye matope ana maoni yake juu ya mpangilio huo, na si maoni ya kuandikwa hapa.

Tarehe 13 Juni 2022, M23 iliuteka mji wa Bunagana. Mwezi uliofuata Kongo ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, yaani meza nyingine tena, yenye kanuni za duane karibu zilezile. Kipande cha Bunagana, Rutshuru hadi Goma kikabaki bila kazi, na familia nyingi za Rutshuru zilipita juu yake kwa miguu, magodoro kichwani, kuelekea Kanyaruchinya. Kwenye makubaliano ya 2021 kipande hicho hakijafutwa. Bado kimeandikwa kilometa 89.