Mwegamo wa Gurudumu, na Kwa Nini Tusiuite Kamba

Tukifuata kanuni ya kawaida ya kutohoa, neno la Kiingereza linalotaja jinsi gurudumu lilivyolalia upande lingekuwa "kamba". Lakini kamba tunazo tayari: ya kufungia mbuzi, na yule wa baharini anayeliwa kwa wali. Fundi akisema kamba ya nyuma imezidi, mwanafunzi wake atakwenda kukagua mzigo. Ndiyo maana nashika neno "mwegamo", kutoka kuegama.

Chutama nyuma ya gari utazame tairi. Likisimama wima kabisa, mwegamo ni sufuri. Sehemu ya juu ikiingia ndani kuelekea bodi, huo ni mwegamo wa ndani, ambao mashine ya alaimenti huuandika kwa alama ya kutoa. Ikitoka nje, ni mwegamo wa nje. Neno "matege" linavutia, ila matege ni upande mmoja tu, magoti nje na nyayo ndani, na gari lililoshushwa hufanya kinyume. Pembe ya pili huonekana ukiwa juu ya gari: tairi linatazama mbele sawasawa, au limegeukia ndani au nje? Huo ni mwelekeo. (Mfumo mzima wa springi, shokapu na mikono niuache na jina la saspensheni. Tafsiri za mashine huuita "kusimamishwa", utadhani gari limekosana na mwajiri.)

Mwegamo na mwelekeo havitengani katika BMW E30, na Afrika Kusini ina uhusiano wa pekee na gari hilo. Kiwanda cha Rosslyn, karibu na Pretoria, ndicho cha kwanza BMW kumiliki nje ya Ujerumani, na kiliunda matoleo ya soko la huko: 333i katikati ya miaka ya 1980, kisha 325iS, ambalo vitongoji vililibatiza Gusheshe. Mkono wake wa nyuma umefungwa kwa bushi mbili, na mstari unaounganisha bushi hizo haukukata gari moja kwa moja bali umekwenda mshazari, digrii 15. Kwa hiyo gurudumu linapopanda na kushuka, linaegama na kugeuka kwa pamoja. Mwenye gari akikata springi ili likae chini, mwegamo wa ndani unazidi, mwelekeo unahama, na tairi linalika ukingo wa ndani huku wa nje ukiwa bado mpya. Kiwandani hawakuweka bolti ya kurekebisha hata moja huko nyuma.

Dawa yake ni kuchomelea. Masikio manne ya krosimemba (boriti ya chini inayobeba mikono ya nyuma), yanayoshika bushi za mikono, hupanuliwa matundu yawe marefu, kisha huwekewa vibati vya kuongoza bolti yenye kichwa kisicholingana katikati. Ukiizungusha, mkono unasogea. Kazi hii ndiyo inayofaa kufanywa na kundi. Tuseme wenye E30 watano wanakutana katika gereji moja ya La Rochelle, mtaa wa kusini mwa Johannesburg jirani na Rosettenville, walikohamia Wareno wengi, baadhi yao baada ya uhuru wa Msumbiji na Angola mwaka 1975. Gharama haiko kwenye vibati. Iko kwenye kalibu ya kushikilia krosimemba isijikunje kwa moto, na kwenye mchomeleaji mwenye mkono mtulivu. Kalibu ikishapimwa, krosimemba ya pili haidai kupimiwa upya.

Kinachovuruga siku ni maandalizi. Anayefika na gari zima atawashikilia wenzake kutwa: ekozi, propela, mipira ya breki na difu vyote vitoke kwanza, na bushi mbili kubwa za krosimemba husumbua kuliko vyote. Ningewataka wote walete krosimemba tupu, iliyosuguliwa rangi na grisi hadi chuma king'ae, bila mpira wowote ndani, kwa kuwa mpira huungua. Mchomeleaji ashike nukta nukta kila pembe, aache ipoe, apime, ndipo amalizie. Asiyekubali kungoja ipoe apewe kazi ya chai.

Kurudisha nako kuna utaratibu. Bolti za bushi zisikazwe gari likiwa juu ya stendi na mikono ikining'inia. Mpira umeshikana na chuma. Ukikazwa hapo, gari likishuka unabaki umejipinda, unachanika mapema na kubadili kimo cha gari. Likae kwanza kwa magurudumu yake ndipo zikazwe. Kisha alaimenti, mafuta yakiwa kwenye tangi na mzigo wa kilo za dereva ukiwa kitini mwake, mwelekeo ukisahihishwa kila mwegamo unapoguswa, mpaka namba za kushoto na kulia zilingane.