Chandarua Chenye Dawa: Kutoka Muheza hadi Misungwi

Wilayani Muheza, mkoani Tanga, katika miaka ya 1980 kulikuwa na vibanda vilivyojengwa ili mbu aingie. Uwazi kati ya ukuta na paa uliachwa makusudi, maana ndiyo njia kuu ya mbu anapofuata harufu ya mtu aliyelala. Kutoka ndiko kulikokuwa na kazi: madirisha na baraza vilizungushiwa wavu, kwa hiyo mbu aliyekimbia alinaswa. Watu walilala humo usiku kucha, na kulipokucha watafiti waliokota mbu mmoja mmoja: huyu kafa, huyu yu hai, huyu kashiba damu, huyu katoka na njaa yake. Vibanda vya namna hiyo vilibuniwa Magugu, kusini mwa Ziwa Manyara, na mtaalamu wa wadudu Alec Smith katika miaka ya 1960, wakati swali lilikuwa ukuta uliopuliziwa dawa unaua mbu wangapi. Muheza walihoji kuhusu kitanda.

Chandarua kitupu kilijulikana tangu zamani, na udhaifu wake ulijulikana vilevile. Mguu wa mtoto ukiegemea wavu, mbu huuma kupitia matundu. Kikichanika, mbu huingia na hata hana haraka ya kutoka. Na kikiwa kizima, mbu aliyenyimwa hapa huhamia kitanda cha jirani. Kilichobadilisha mambo ni dawa iitwayo permethrin, iliyotengenezwa mwaka 1973 na Michael Elliott na wenzake katika kituo cha Rothamsted, Uingereza. Waliiga sumu iliyomo katika ua la pareto, lile lile ambalo wakulima wa nyanda za juu za Kenya na Tanzania wamelivuna kwa miongo mingi. Sumu ya pareto asilia huharibiwa upesi na jua. Permethrin ilistahimili mwanga, na kwa kiasi kidogo iliua mdudu bila kumdhuru aliyelala.

Karibu na Bobo-Dioulasso, nchini Burkina Faso, Frédéric Darriet, Pierre Carnevale na wenzao walikuwa wameshachovya vyandarua katika dawa hiyo na kuona matokeo mazuri kufikia mwaka 1984. Muheza, Jo Lines, J. Myamba na Chris Curtis walifanya jaribio lililogusa hali halisi ya nyumba zetu: walitumia vyandarua vilivyotobolewa makusudi. Chandarua chakavu kilichowekwa dawa kiliwazuia na kuwaua mbu ambao kisicho na dawa kingewapitisha. Ripoti yao ilitoka mwaka 1987. Sasa kulikuwa na sababu ya kuamini kwamba kitambaa cha bei nafuu, hata kikiwa kuukuu, kingeweza kupambana na malaria kijijini.

Hata hivyo, mbu aliyekufa kibandani si mtoto aliyepona nyumbani. Ilibidi kwenda vijijini na kuhesabu watoto.

Hesabu hiyo ilianzia Gambia. Mwaka 1991, Pedro Alonso, Steve Lindsay, Brian Greenwood na wenzao walitangaza kwamba katika vijiji ambako vyandarua viliwekwa dawa, vifo vya watoto wa mwaka mmoja hadi minne vilipungua kwa asilimia 63. Wengi waliisoma takwimu hiyo mara mbili. Ilizidi sehemu ya vifo ambayo wataalamu walidhani inatokana na malaria, na vijiji vyenyewe vilikuwa na mazoea ya vyandarua tangu awali. Je, ingekuwa hivyo mahali pengine, kwa watu wengine na mbu wengine? Shirika la Afya Duniani likasaidia majaribio manne makubwa: Gambia kwenyewe, Ghana, Burkina Faso (huko walitumia mapazia yenye dawa), na Kilifi kwenye pwani ya Kenya.

Hapa Kilifi sitaki kupita haraka. Hospitali ya wilaya ilipokea watoto waliobebwa mgongoni wakiwa na degedege, au weupe viganjani kwa kupungukiwa damu, na baadhi yao hawakumaliza siku. Watafiti waliyagawa maeneo ya vijijini katika sehemu, na sehemu ipi ipate vyandarua ikaamuliwa kwa bahati nasibu. Maana yake ni kwamba nusu ya familia ziliandikwa, zikatembelewa, zikahesabiwa uzazi na misiba yao, ilhali hazikupewa chandarua cha mradi. Bila hesabu yao, hesabu ya wenzao isingekuwa na maana yoyote. Tunapomtaja mtafiti na chuo chake, tuwataje na kina mama hao, kwa kuwa ushahidi unaotulinda leo ulitoka pia katika nyumba zao.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1996. Kwenye sehemu zenye vyandarua, vifo vya watoto wa kati ya mwezi mmoja na miaka mitano vilipungua kwa asilimia 33, na waliolazwa kwa malaria kali walipungua kwa asilimia 44. Ghana ilipata asilimia 17 kwa vifo. Burkina Faso, 15. Baadaye Christian Lengeler wa Uswisi alijumlisha majaribio yote na kukadiria kwamba kwa kila watoto 1,000 wanaolindwa, 5 au 6 huokolewa kila mwaka. Nambari hiyo huonekana ndogo mpaka uizidishe kwa mamilioni ya watoto wa bara hili.

Asembo, kando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya, watafiti waligundua jambo ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko asilimia zote hizo. Walipopima umbali kati ya maboma ya familia, waliona kwamba boma lisilo na chandarua hata kimoja, likiwa ndani ya mita 300 kutoka kwa majirani wenye vyandarua, watoto wake nao walipata kinga. Chandarua chenye dawa hakikuwa kikimsukuma mbu kwa jirani. Kilikuwa kikimuua. Wengi wakilala ndani yake, mbu wazee hupungua, na mbu mzee ndiye hatari, kwa sababu vijidudu vya malaria huchukua takriban siku kumi na zaidi kukomaa mwilini mwake kabla hajaweza kuambukiza. Kumbe mtu anayelala ndani ya chandarua humlinda hata asiyemjua.

Kama ni hivyo, nani alipe? Swali hilo lilileta mabishano makali kuliko lolote la kisayansi.

Katika bonde la Kilombero na wilaya ya Ulanga, mradi wa KINET wa Ifakara uliuza vyandarua kwa bei ya punguzo kuanzia mwaka 1997, kwa jina la Zuia Mbu, kupitia wenye maduka na mawakala wa vijijini. Ulifanya kazi. Uhai wa watoto waliolala ndani ya vyandarua vyenye dawa uliongezeka kwa asilimia 27, na hiyo haikuwa bahati nasibu ya watafiti bali maisha ya kawaida, na watu walitoa fedha zao. Tanzania ikaendelea na njia hiyo: kuanzia mwaka 2004 mjamzito alipewa Hati Punguzo kliniki, akaongeza kiasi dukani, akachukua chandarua. Mwaka 2003 kiwanda cha A to Z mjini Arusha kilianza kutengeneza vyandarua ambavyo dawa yake imechanganywa ndani ya uzi wenyewe, na hivyo kero ya kuchovya upya kila baada ya miezi kadhaa ikaanza kwisha. Waliotetea uuzaji walisema kwamba cha bure hakithaminiwi.

Kenya ilitoa jibu. Katika wilaya nne zilizofuatiliwa, watoto waliolala ndani ya vyandarua vyenye dawa walikuwa kiasi cha asilimia 7 mwaka 2004, wakati chandarua kilipatikana zaidi dukani. Kliniki zilipoanza kuviuza kwa bei ya chini sana, wakafika asilimia 23. Serikali ilipogawa bure kwa mkupuo mwaka 2006, wakawa asilimia 67, na pengo kati ya nyumba maskini na zenye uwezo likakaribia kufutika. Wachumi Jessica Cohen na Pascaline Dupas walijaribu bei mbalimbali za vyandarua katika kliniki za wajawazito magharibi mwa Kenya, wakakuta kwamba kupandisha bei kutoka bure hadi senti 60 za dola kuliwapunguza waliochukua kwa pointi 60 za asilimia. Na waliopewa bure hawakuviacha zaidi ya walionunua. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa msimamo kwamba vyandarua vigawiwe bure au karibu na bure, kwa watu wote walio hatarini. Nasema bila kusita kwamba uamuzi huo ulichelewa. Kila mwaka wa mabishano kuhusu thamani ya kitu cha bure ulikuwa na watoto wake.

Matunda yalikuja upesi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulikadiria kwamba tangu mwaka 2000 Afrika ilikuwa imeepushwa na visa milioni 663 vya malaria, na kwamba asilimia 68 ya hivyo ni kazi ya vyandarua.

Mbu naye hakukaa kimya. Dawa zote za vyandarua zilikuwa za ukoo mmoja, ule wa permethrin, na dawa za ukoo huohuo zilipuliziwa pia pamba na mboga mashambani. Mbu wachache waliozaliwa na uwezo wa kuivumilia sumu walibaki, wakazaa. Kufikia muongo wa 2010, kando ya Ziwa Victoria, mbu wengi waliweza kugusa chandarua kipya na kuruka zao.

Ikabidi kurudi kwenye kazi ileile ya Muheza na Kilifi, safari hii kwenye wilaya ya Muleba, mkoani Kagera. Huko Natacha Protopopoff na wenzake walijaribu vyandarua vilivyoongezewa kemikali ya PBO, ambayo yenyewe haiui mbu ila huzima vimeng'enya anavyotumia kuivunja sumu. Baada ya miezi 9, watoto wenye vimelea vya malaria walikuwa asilimia 29, dhidi ya 42 kwa vyandarua vya kawaida. Kabla hata ripoti kamili haijachapishwa mwaka 2018, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshavipendekeza vyandarua hivyo.

Kisha ikaja Misungwi, mkoani Mwanza. Jacklin Mosha wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu aliongoza jaribio la aina nne za vyandarua katika makundi 84 ya vitongoji. Vyandarua viligawiwa mapema mwaka 2019, kwa bahati nasibu kama kule Kilifi. Aina moja ilikuwa na klorfenapiri, kiuatilifu kilichokuwa kikitumika kwanza kwenye kilimo. Chenyewe hakishambulii mishipa ya fahamu kama permethrin. Mwili wa mbu hukigeuza kuwa sumu inayozuia seli kutengeneza nguvu, na mdudu hufa taratibu. Uwezo wa mbu sugu wa kuchakata sumu, ambao ndio ngao yake dhidi ya dawa ya zamani, hapa humgeukia mwenyewe.

Miaka miwili baadaye, watoto walipotobolewa vidole na kupimwa damu, waliokuwa na malaria kwenye vitongoji vya chandarua cha kawaida walikuwa asilimia 45.8. Kwenye vile vya PBO, 40.7. Kwenye vya klorfenapiri, 25.6. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2022, jaribio la Benin likaja kuyaunga mkono, na Machi 2023 Shirika la Afya Duniani likapendekeza vyandarua vya aina hiyo mahali ambapo mbu wamekuwa sugu. Tofauti ya 45.8 na 25.6 haionekani kwa macho. Vyandarua hivi viwili vikitundikwa chumba kimoja, mama hawezi kujua kipi kitamlinda mwanawe.

Mwaka 2023 malaria iliua watu wapatao 597,000 duniani, wengi wao watoto wa Afrika wasiofikisha miaka mitano. Chanjo mbili sasa zinatolewa, na Kwale, kwenye pwani ya Kenya, kumefanyika utafiti wa dawa ya ivermektini inayomfanya mbu afe baada ya kumuuma mtu aliyeimeza. Zote hizo zimeongezwa juu ya chandarua, wala hakuna iliyokuja kukiondoa. Klorfenapiri nayo itachoka siku moja endapo hakuna anayeendelea kuwapima mbu, na kazi ya kuokota na kuhesabu mbu alfajiri ndiyo ya kwanza kukatiwa fedha bajeti inapobana.

Basi vyandarua vitakapogawiwa tena kijijini au mtaani kwako, pokea, tundika, lala ndani. Lakini kabla ya hapo soma lebo, na mwulize diwani na mganga mkuu wa wilaya: hiki kina dawa gani, na mbu wa hapa kwetu walipimwa lini?