Sarafu juu ya rejeta: Jinsi utulivu wa injini ulivyopimwa

WANUNUZI wa magari ya kifahari mwanzoni mwa karne ya 20 hawakutafuta kasi pekee. Walitaka injini isiyotetemesha viti wala kukatiza mazungumzo ya abiria, nao waundaji wakalazimika kuuthibitisha utulivu huo hadharani.

Mbinu iliyovuma zaidi ni ya sarafu. Ilisimamishwa kwa ukingo juu ya kifuniko cha rejeta huku injini ikinguruma. Ikisalia wima, muuzaji alikuwa amejipatia mteja. Gari linalohusishwa sana na onyesho hilo ni Rolls-Royce 40/50, maarufu kama Silver Ghost, lililozinduliwa London mwaka wa 1906 likiwa na silinda sita na ujazo wa lita saba.

Hata hivyo, sarafu hiyo ilikuwa tangazo zaidi ya kipimo. Injini inayozunguka polepole bila mzigo yaweza kutulia tuli, kisha ikatetemeka vibaya mwendo unapoongezwa.

Chanzo kimoja cha mtetemo ni krankshafti, ule mhimili uliopindapinda unaozungushwa na pistoni. Mafundi waliulaza juu ya kingo mbili nyembamba zilizonyooka. Upande mzito ulijiteremkia wenyewe, nao wakapunguza chuma hadi mhimili ukatulia popote ulipoachwa. Lakini uzito wa ziada kwenye ncha moja huweza kufichwa na ule wa ncha ya pili ulio upande wa mkabala. Kasoro hiyo hujitokeza tu mhimili unapozungushwa kwa kasi, na ndiyo sababu zikaundwa mashine za kuuzungusha kwenye beringi zilizoegemezwa kwa springi, ili kuyumba kwake kupimwe.

Pistoni nazo zina makosa yake. Katika injini ya silinda nne, nguvu zake huacha mtetemo unaojirudia mara mbili katika kila mzunguko. Mhandisi Mwingereza Frederick Lanchester aliutuliza kwa mihimili midogo miwili inayozunguka pande zinazopingana, kwa kasi maradufu ya krankshafti. Silinda sita zilizopangwa mstari mmoja hufutiana nguvu hizo zenyewe.

Lakini silinda sita zilileta balaa jingine. Mhimili mrefu husokoteka kila mafuta yanapolipuka, na ukifikia mwendo fulani, msokoto hujilimbikiza hadi chuma kikavunjika. Ndivyo ilivyotokea kwa krankshafti za Rolls-Royce ya nguvu-farasi 30, iliyotangulia Silver Ghost. Henry Royce hakuiacha silinda ya sita. Alinenepesha mhimili, akaushikilia kwa beringi saba, akazigawa silinda katika makundi mawili ya tatu tatu, na kufunga kwenye ncha ya mbele kifaa cha kumeza msokoto kwa msuguano. Lanchester naye alipata hataza ya kifaa cha aina hiyo mwaka wa 1910.

Mtihani wenye uzito zaidi ulifanyika 1907, chini ya uangalizi wa chama cha magari cha Uingereza, RAC. Silver Ghost ilisafiri maili 15,000, takriban kilomita 24,000, hasa kati ya London na Glasgow. Baada ya maili 629 ilisimama kwa sababu bomba la petroli lilijifunga kwa mtikisiko. Maili 14,371 zilizosalia zilikamilishwa bila hitilafu ya kulisimamisha gari. Lilipofunguliwa na kupimwa, vipuri vya kulirejesha katika hali ya upya viligharimu pauni mbili, shilingi mbili na peni saba.

Huko Marekani, Cadillac ilizindua mwaka wa 1923 injini ya silinda nane yenye krankshafti ya muundo mpya, iliyoondoa mtetemo wa ile ya 1914.

Onyesho la sarafu halikusahaulika. Lexus ilipoingia sokoni 1989, tangazo lake lilionyesha glasi za shampeni zilizopangwa kama piramidi juu ya boneti, safari hii magurudumu yakizunguka kwa kasi kubwa juu ya rola.