Kujifunza udereva kwa mwendo wako: hatua zipi usiziruke?

Watu wengi husema "nimemaliza udereva" pale siku walizolipia shuleni zinapokwisha. Lakini siku zinaweza kwisha kabla mtu hajajua kuondoa gari mlimani bila kurudi nyuma. Wapo pia wanaoacha katikati kwa aibu. Wenzao walioanza nao wiki moja wameshaingia barabara kuu, wao bado gari linawazimikia uwanjani.

Makala hii inaeleza jinsi ya kujifunza kwa mwendo unaokufaa, sheria inataka nini, na utajuaje kwamba sasa uko tayari. Mifano mingi ni ya Tanzania.

Kwa nini wanafunzi hawalingani?

Dereva hufanya kazi nyingi kwa wakati mmoja. Kwenye gari la gia, mguu wa kushoto unakanyaga klachi, wa kulia unashughulikia breki na mafuta. Mkono wa kushoto unabadilisha gia, wa kulia umeshika usukani. Macho nayo yanatazama mbele na kwenye vioo.

Mwanzoni kila tendo linahitaji kufikiriwa. Baada ya mazoezi, mikono na miguu huzoea, na akili hupata nafasi ya kumwona mtoto anayekimbilia mpira au mbuzi anayetaka kuvuka. Hapo ndipo udereva unapoanza.

Aliyezoea pikipiki tayari anajua tabia za barabara. Aliyewahi kuendesha trekta anaijua klachi. Asiyewahi kushika usukani atahitaji saa nyingi zaidi, na hilo si kosa wala si ujinga.

Sheria inasemaje?

Tanzania inaongozwa na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Anayetaka kuendesha gari awe ametimiza miaka 18. Kabla ya kuanza mazoezi barabarani, anatakiwa awe na leseni ya kujifunzia. Gari liwe na alama ya "L" mbele na nyuma, na kando yake akae mtu mwenye leseni halali ya aina hiyo ya gari.

Mtihani husimamiwa na Polisi wa Usalama Barabarani, na leseni hutolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, yaani TRA. Leseni ya kujifunzia ina tarehe ya mwisho. Kama unajifunza polepole, iangalie tarehe hiyo mapema ili usije ukakamatwa ukiwa mazoezini.

Nchini Kenya shughuli hizi ziko chini ya mamlaka ya usafiri iitwayo NTSA, na mwanafunzi huanza na leseni ya muda. Huko mtahiniwa huulizwa pia maswali kwenye ubao wenye mchoro wa mji mdogo, akionyesha kwa kigari cha kuchezea angepita wapi. Kenya ina pia daraja la leseni kwa magari ya otomatiki. Ukijifunzia gari la otomatiki, usidhani umejua na gari la gia.

Hatua tano

Hatua ya kwanza, gari limesimama. Rekebisha kiti na vioo, funga mkanda, tambua kila pedeli bila kuiangalia.

Hatua ya pili, uwanja mtupu. Jifunze kuondoka, kusimama, kuingiza gia ya kwanza na ya pili, kukata kona na kurudi nyuma.

Hatua ya tatu, barabara ya vumbi yenye magari machache. Hapa unajifunza kushika upande wa kushoto, kupishana na baiskeli na mifugo, na kuondoka mlimani ukitumia breki ya mkono.

Hatua ya nne, barabara ya lami na mji. Kuna vivuko vya waenda kwa miguu, taa, mizunguko, matuta na bodaboda wanaopita pande zote mbili.

Hatua ya tano, usiku, mvua na barabara kuu yenye malori. Hata mwenye leseni mpya aifikie hatua hii taratibu, ikiwezekana akiwa na dereva mzoefu.

Unaruhusiwa kukaa kwenye hatua moja kwa muda mrefu. Usichoruhusiwa ni kuiruka. Kipimo chake ni chepesi: mwombe mwalimu anyamaze. Ukifanya jambo lilelile mara tatu mfululizo bila kuelekezwa na bila gari kuzimika, songa mbele. Kama bado, rudia kesho.

Kwa nini haraka ni hatari?

Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu kwenye makazi ya watu, hupita karibu mita 14 kila sekunde. Likienda kilomita 80, hupita mita 22. Mwanafunzi anayetumia sekunde mbili kuitafuta breki kwa mguu, akiwa kwenye mwendo wa 80, atakuwa amepita zaidi ya mita 40 kabla hata hajaikanyaga. Kisha gari lenyewe linahitaji nafasi ya kusimama. Ukiongeza mwendo mara mbili, nafasi hiyo huongezeka mara nne hivi, na kwenye lami yenye maji huzidi hapo.

Kupanga fedha na muda

Kabla ya kulipa, iulize shule maswali haya: Nikikosa siku moja kwa sababu ya palizi au msiba, nitafidiwa? Naweza kulipia vipindi kidogo kidogo? Ndani ya gari moja tunakaa wanafunzi wangapi, na mimi nitashika usukani kwa dakika ngapi?

Saa moja mara tatu kwa wiki kwa kawaida hufaa kuliko siku nzima mara moja kwa mwezi, kwa sababu mwili husahau. Andika kwenye daftari ulichoweza na kilichokushinda. Siku usiyo na fedha, jifunze bure: ukipanda gari, omba kukaa mbele, zisome alama za barabarani, na ujiulize wewe ungefunga breki wapi.

Leseni bila mtihani

Kuna watu watakaokuambia wanaweza kukupatia leseni bila mtihani. Ni kosa la jinai, na aliyekuuzia hatakuwepo siku breki itakapohitajika. Utakuwepo wewe, abiria wako na yule anayevuka barabara.

Mtihani ukikushinda, uliza umeshindwa wapi, rudi kwenye hatua hiyo, kisha ujaribu tena. Nawe unayeishi karibu na mpaka, kumbuka kwamba Rwanda, Burundi na Kongo magari hupita kulia. Hata dereva wa miaka mingi, siku ya kwanza akivuka, anatakiwa aende polepole kama mwanafunzi.