Utunzaji wa Ziwa Tanganyika katika Mwambao wa Burundi

Wahenga walinena: maji yakimwagika hayazoleki. Kwa Ziwa Tanganyika methali hii yatufaa sana. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470, na mlango wake wa kutokea maji ni mmoja tu, mto Lukuga upande wa Kongo. Sehemu kubwa ya maji yake huondoka kwa mvuke. Nao mvuke hauchukui taka. Uchafu ukisha kuingia, hauna pa kwenda.

Hapo zamani wavuvi wa mwambao walivua usiku kwa mwanga wa moto na kwa lusenga, yaani wavu wa kuchota. Katika miaka ya 1950 Wagiriki wa Bujumbura walileta meli na nyavu kubwa za kuzungushia. Mji ukapanuka, viwanda vikajengwa, na maji machafu yakapata njia ya kufika ziwani. Rumonge, kiasi cha kilomita 70 kusini ya Bujumbura, mashamba ya michikichi yalienea, na misitu ya vilimani ikapungua.

Mwaka 1991 wataalamu walikutana Bujumbura kujadili uhai wa ziwa. Miongoni mwa maadui waliotajwa ulikuwamo udongo. Mvua hukokota udongo wa vilima visivyo na miti, mito huushusha, nao hufunika mawe ambamo samaki huzaliana. Basi usafi wa ziwa huanzia kilimani, wala si ufukweni peke yake.

Tarehe 12 Juni 2003 Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia sahihi mkataba wa kulihifadhi ziwa, na makao ya Mamlaka ya Ziwa yakawekwa Bujumbura. Sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 ilitenga mita 150 kutoka ukingoni zisijengwe. Mwaka 2018 likatolewa agizo la kupiga marufuku mifuko ya plastiki.

Lakini sheria haina mikono. Mikono ni ya wananchi, ambao asubuhi ya Jumamosi hutoka kwa kazi za pamoja, ziitwazo kwa Kirundi ibikorwa rusangi: kufagia, kuzibua mitaro, kupanda miti na kuchimba makingamaji. Kazi hizi ni ngumu, na matunda yake hayaonekani upesi.

Isitoshe, ziwa lenyewe lilipanda mwaka 2021 na tena mwaka 2024, likaingia katika nyumba za watu wa Rumonge. Maji yakifika chooni, uchafu wa choo hufika ziwani. Hivyo zile mita 150 zina faida kwa mkazi na kwa samaki pia. Hata hivyo, haifai kumwambia mvuvi maskini ahame bila kumwonyesha pa kuhamia.

Ndugu walimu, sisi tuna sehemu yetu. Ndagala wa Rumonge ndio dagaa wa Kigoma. Mukeke wa Bujumbura ndiye mgebuka wa Ujiji. Tuwaagize wanafunzi wakusanye majina haya kwa wazee, pamoja na majina ya mito na miti ya ukingoni. Mtoto ajuaye kwamba samaki wake na wa jirani ni mmoja atafahamu pia kwa nini taka anayoitupa yeye humfikia jirani.