Mkesha wa Barton Springs

Chini ya kokoto za bwawa moja la kuogelea mjini Austin, Texas, anaishi kiumbe asiyezidi urefu wa kidole cha shahada. Umbo lake ni la mjusi, ngozi yake ni laini, na matamvua mekundu yamemchomoza shingoni kama vishada vya uzi. Wanasayansi walipomtambulisha rasmi mwaka 1993 walimwita Eurycea sosorum. Neno hilo la pili limeundwa kutokana na herufi tatu, SOS, kifupi cha jina la kampeni ya wakazi waliotaka chemchemi zao ziachwe salama. Wanyama wengi hubeba majina ya wagunduzi na wafalme. Salamanda huyu kabeba jina la wapiga kura wa mji.

Bwawa lenyewe linaitwa Barton Springs, nalo limo ndani ya Zilker, bustani ya jiji yenye ekari zipatazo 350. Anayefika hapo akitarajia vigae vya buluu na harufu ya klorini atashangaa. Ni kipande cha kijito kilichozibwa juu na chini. Kingo zake ni za saruji, lakini sakafu ni mwamba, changarawe na mwani unaoteleza. Ukubwa wake ni kama ekari 3. Upande mmoja mtoto husimama maji yakimfika magotini, na upande wa pili kina kinapita mita 5. Joto la maji halina msimu, ni nyuzi 20 au 21 za Selsiasi, iwe Januari iwe Agosti. Katika kiangazi cha Texas, hewa inapofika nyuzi 38, mtu akijitosa hapo hutoa ukelele asioukusudia.

Maji hayo ni mvua iliyonyesha kwingine. Hunyesha kwenye vilima vya kusini-magharibi mwa mji, ikapenya katika nyufa za mawe ya chokaa, ikasafiri gizani, kisha ikaibuka Barton. Mawe ya chokaa yaliyojaa mapango hayachuji maji kama mchanga unavyochuja. Mafuta ya gari yaliyomwagika kwenye lami huko juu, mbolea ya uwanja wa gofu, udongo wa eneo la ujenzi, vyote vinaweza kutokea bwawani pamoja na maji. Ndiyo maana watu wa Austin wakigombania bwawa lao, ugomvi mara nyingi huwa juu ya kiwanja kilicho kilomita kadhaa kutoka kwenye ubao wa kurukia.

Mzungu aliyeliachia eneo hilo jina ni William Barton, aliyehamia hapo mwaka 1837 na kuziita chemchemi kwa majina ya binti zake, zikiwemo Parthenia na Eliza. Watonkawa na Wakomanchi waliyajua maji hayo kabla yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 mwenye mali alikuwa Andrew Zilker, tajiri wa kiwanda cha barafu, ambaye mwaka 1917 alibuni mpango wa kibiashara wenye moyo wa sadaka. Ardhi yenye chemchemi aliikabidhi shule za umma, jiji likaichukua kwa kuzilipa shule hizo dola 100,000, na fedha zikaenda kuwafundisha watoto ufundi na kazi za nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 aliongeza kipande kikubwa zaidi kwa utaratibu kama ule ule. Bustani ikabaki na jina lake, na bwawa likawa la umma.

La umma gani, hilo ni swali jingine.

Mwaka 1928 jiji lilipokea ramani ya maendeleo iliyochorwa na kampuni ya wahandisi ya Koch na Fowler kutoka Dallas. Wakati huo familia za Wamarekani weusi ziliishi sehemu mbalimbali za Austin. Ramani ilipendekeza kwamba shule zao, bustani zao na huduma zao nyingine ziwekwe upande wa mashariki tu, ili wenyewe wajikute wamehamia huko bila sheria kuwataja. Mpango ulifanya kazi. Watu weusi walipewa bustani yao ya Rosewood, mashariki, na Barton Springs ikabaki ya weupe. Kila aliyezungumzia “bwawa la wananchi” katika miaka hiyo alikuwa ameshapunguza hesabu ya wananchi kichwani mwake.

Hata kumbukumbu tamu za bwawa hilo zina kivuli hicho. Langoni pamesimama sanamu ya shaba ya wazee watatu: mwandishi J. Frank Dobie, mwanahistoria Walter Prescott Webb na mpenzi wa viumbe Roy Bedichek. Walizoea kukutana kwenye jiwe moja la bwawani, wakipunga upepo na kubishana juu ya kila jambo chini ya jua, na jiwe hilo likajulikana kwa jina la Bedichek. Ni picha nzuri ya barazani, isipokuwa baraza hiyo ilikuwa na mlango.

Aliyeupiga teke mlango huo hakusubiri kuulizwa maoni. Mwaka 1960 Joan Means alikuwa mmoja wa wanafunzi weusi wachache waliokuwa wakimaliza masomo katika shule ya sekondari ya Austin. Tafrija ya wahitimu ilifanywa Zilker, nao wakaambiwa kwamba bwawani hawaruhusiwi. Joan akaruka ndani ya maji. Kiangazi hicho yeye na wenzake, weusi kwa weupe, walirudi tena na tena. Wanaingia, wanatolewa, wanarudi. Mwaka 1962 ubaguzi pale bwawani ukaondolewa. Ukitafuta mwanzo wa ushirikishwaji wa wananchi katika historia ya Barton Springs, pengine uko hapo, katika maji ya baridi na nguo zilizolowa, miaka 30 kabla ya jiji kuweka kipaza sauti na daftari la majina.

Kipaza sauti kilikuja tarehe 7 Juni 1990.

Kampuni ya madini ya Freeport-McMoRan, iliyoongozwa na Jim Bob Moffett, mtu aliyewahi kucheza mpira wa Kimarekani katika Chuo Kikuu cha Texas, ilitaka kujenga mji mdogo juu ya kijito cha Barton, upande yanakotoka maji. Eneo lilikuwa ekari 4,000 hivi. Mpango ulikuwa na nyumba za familia 2,500, fleti 1,900, maofisi, maduka na viwanja vya gofu. Wakazi walikuwa wameshaona bwawa likifungwa baada ya mvua kubwa kwa sababu ya vijidudu na tope, wakajua wanachoambiwa. Baraza la jiji lilipoitisha kikao cha kuwasikiliza wananchi, zaidi ya watu 800 walijiandikisha kuzungumza.

Wazungumzaji 800 katika kikao cha madiwani saba! Anayejua vikao vya serikali za mitaa ataelewa uzito wa hesabu hiyo. Kwa kawaida kikao cha kutoa maoni huhudhuriwa na wastaafu wawili watatu, mwanasheria wa mwombaji na mwandishi wa habari anayepiga miayo. Kikao hiki kilianza alasiri, kikavuka magharibi, kikavuka usiku wa manane. Watu walisubiri zamu ndani na nje ya ukumbi. Majina yaliitwa moja baada ya jingine, na madiwani walikaa vitini mwao wakisikiliza jirani wa kumi, wa hamsini, wa mia, kila mmoja na kisa chake cha alipojifunzia kuogelea. Karibu saa kumi na mbili asubuhi walipiga kura. Mradi ulikataliwa kwa kauli moja.

Usiku huo umekuwa hekaya ya mji, na hekaya hupenda kusahau baadhi ya mambo. Anayeweza kukesha hadi alfajiri katika ukumbi wa jiji ni mtu ambaye kesho yake hatakatwa mshahara, au aliye na wa kumwachia watoto. Wengi wa wale ambao ramani ya 1928 iliwasukuma mashariki walikuwa na kero nyingine katika mitaa yao, ambazo hazikupata kujaza ukumbi namna hiyo. Hilo haliondoi ushujaa wa waliokesha. Maji waliyoyatetea yanatiririka kwa wote. Ila sauti 800 zinazotoka upande mmoja wa mji hazitoshi kuitwa mji mzima.

Ushindi wa usiku mmoja haukuwa sheria. Wanakampeni wa SOS wakakusanya sahihi ili wananchi wenyewe wapige kura juu ya kanuni kali ya ujenzi katika bonde la chemchemi: lami, paa na saruji visifunike zaidi ya asilimia 15 hadi 25 ya kiwanja, kutegemea kilipo, na mvua inayotoka kwenye kiwanja isiwe chafu kuliko ilivyokuwa kabla. Kura ilitarajiwa Mei 1992, ikasogezwa hadi Agosti. Katika miezi hiyo mitatu wenye ardhi waliwahi kuwasilisha maombi ya ujenzi ili wahesabiwe chini ya kanuni za zamani. Tarehe 8 Agosti takriban theluthi mbili ya wapiga kura walisema ndiyo. Mwaka 1995 Bunge la Texas likapitisha sheria iliyoyalinda maombi ya namna hiyo yaliyowasilishwa mapema. Mji ulisema lake, jimbo likasema lake, na vilima vikapata nyumba nyingi kuliko waliopiga kura walivyotaka, ingawa chache kuliko Moffett alivyoota.

Kisha yule salamanda akaingia uwanjani. Mwaka 1997 serikali kuu ilimworodhesha miongoni mwa wanyama walio hatarini kutoweka. Kwa waogeleaji ilikuwa habari njema yenye mwiba, kwani mnyama aliyepewa jina kwa heshima yao angeweza kuwa sababu ya wao kufukuzwa. Kusugua mwani kwa klorini, kama ilivyofanywa zamani, kulikuwa kumeshamdhuru. Mwaka 1998 mpango wa uhifadhi ulikubaliwa, watu wakaendelea kuogelea na salamanda akaendelea kuishi chini yao, kwa masharti ya namna bwawa linavyoteremshwa maji na kusafishwa. Mpaka leo Alhamisi ni siku ya usafi na waogeleaji hungoja nje kwa saa kadhaa. Ni ndoa ya masharti, lakini imedumu.

Karibu miaka 30 baada ya kura ile, jiji liliuliza tena, safari hii kwa ustaarabu. Kuanzia 2021 idara ya bustani iliongoza zoezi refu la kukusanya maoni juu ya sura mpya ya Zilker nzima: madodoso, mikutano, wataalamu wa mandhari, michoro ya rangi. Rasimu ilipotoka mwishoni mwa 2022 ilikuwa na mengi ya kupendeza, kama kurudisha miti na majani mahali palipokuwa maegesho ya vumbi. Ilikuwa pia na majengo ya kuegeshea magari, daraja pana la ardhi juu ya barabara ya Barton Springs, na kuhamishwa kwa jukwaa la michezo ya kuigiza. Waliounga mkono walisema bustani imechakaa na asiye na gari hafiki kwa urahisi. Waliopinga waliona bustani inatayarishwa kwa matamasha makubwa na fedha zake. Wengine walitaka tu paachwe pamee vichaka.

Wapinzani wa 2023 walitoka katika ukoo ule ule wa 1990, wakitumia maneno yale yale ya kuokoa chemchemi. Tofauti ni kwamba safari hii upande wa pili hakukuwa na tajiri wa madini, bali maafisa wa jiji waliokuwa wameuliza maswali kwa miaka miwili na kuandika majibu. Zoezi la maoni likageuka kuwa hoja ya kila upande. Hawa walisema “tuliwauliza”, wale wakajibu kwamba waliyoyasema hayamo. Agosti 2023, wiki chache kabla ya kura ya baraza, meya Kirk Watson na madiwani wengi wakatangaza kwamba hawataunga mkono mpango huo. Ukawekwa kando.

Mwaka huo huo lilitokea jambo dogo zaidi, na huenda ndilo linaloonyesha vizuri jinsi mji huu unavyoulizana. Ukingoni mwa bwawa palikuwa na mti wa pekani uliozoeleka kwa jina la Flo, wenye umri wa karne moja hivi, ulioinama juu ya maji kama mtu anayetafuta pete iliyomponyoka. Wakaguzi wa jiji waligundua kuvu inayolegeza mbao kutoka ndani. Walipotangaza kwamba mti utakatwa, wakazi walikuja juu. Jiji lingeweza kusema usalama ni usalama, likaleta msumeno. Badala yake liliahirisha na kuwaita wataalamu wengine wa miti, wasio waajiriwa wake, wapime upya. Nao wakasema vile vile: umeoza, utaanguka juu ya watu.

Basi Oktoba 2023 watu walikusanyika kando ya bwawa kuuaga mti, kisha ukakatwa. Waogeleaji wa alfajiri, wale wanaoingia saa kumi na moja kabla jua halijachomoza, waliendelea kuja kama kawaida, na anga la upande ule likiwa wazi kuliko walivyolizoea.