Mbao, Kamba na Maneno: Vyombo vya Wazee Wetu

Ndugu wa ukoo mliokusanyika Al Twar,

Mtaa wetu hauna bandari, lakini mwendo mfupi kwa gari unatufikisha kwenye Khor ya Dubai, ambako vyombo vya mbao vingali vinapakia shehena. Mwenye kuvitazama aghlabu huona mizigo tu. Yafaa tukumbuke kuwa ndani ya mbao zile imo historia yetu.

Katika vyombo vya kale vya pwani yetu, wenye sifa kubwa ni mtepe wa Lamu na Pate. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila ya misumari ya chuma, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Periplus, kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1, kinataja vyombo vya kushonwa katika pwani hiyo. Mtepe ulidumu hadi karne ya 20, kisha ukatoweka. Mwaka 2003 mafundi walijenga wa mfano huko Unguja, wakauita Shungwaya.

Jahazi lilikuja na misumari. Fundi hulaza mkuku kwanza, kisha huunga mbao na mataruma. Taruma halipindwi kwa moto. Hutafutwa tawi lililopinda lenyewe, na jicho la fundi hulijua lingali mtini. Mkomafi na mtondoo ni miti ya kwetu. Msaji ulitoka Malabar. Nyufa huzibwa kwa pamba, ndiyo kazi ya kukalafati. Mbao za juu hupakwa sifa, yaani mafuta ya papa, na chini hupakwa shahamu na chokaa ili kuzuia wadudu.

Maneno nayo yalisafiri. Nahodha na bandari yana asili ya Kiajemi, na Wamalei husema *nakhoda* na *bandar*. Wataalamu wengi huona pia kuwa matengo ya ngalawa yetu yana asili katika visiwa vya huko mashariki. Bahari moja ilikuwa chuo kimoja.

Kaskazi ilileta vyombo vya Ghuba, kusi ikavirudisha. Mwaka 1939 baharia Alan Villiers wa Australia alikuwa ndani ya chombo cha Kuwait, Bayan, kilipokwenda kupakia boriti katika delta ya Rufiji. Boriti hizo za mikoko ziliezeka nyumba za Ghuba, na upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Biashara hiyo ilififia baada ya mafuta na saruji; mwaka 1982 Kenya ilipiga marufuku kusafirisha boriti nje.

Ndugu zangu, mbao huoza na jengo huanguka. Beit al-Ajaib, ambamo Shungwaya ulijengwa, liliporomoka kwa sehemu Disemba 2020. Maneno nayo hufa kimya zaidi. Watoto wetu wengi wa hapa wanajua Kiarabu na Kiingereza, lakini foromali, demani na dasturi hawajapata kuyasikia. Hapana budi kila nyumba imkalishe mzee wake, iandike maneno yake, na ilete daftari hilo katika mkutano ujao.

Wahenga walisema: Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Lakini mtoto asiyejua tezi, omo wala ngama, atarejea wapi?